Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyekula hana ofisi inayomwona

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo
Mshauri wa Wanafunzi
Mganga Mfawidhi, Zahanati ya Chuo
Mwenyekiti, Kamati ya Huduma za Chakula

YAH: ULAJI NA AFYA YA AKILI YA WANAFUNZI WA MWAKA WA KWANZA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na mwakilishi wa bweni linalopokea wanafunzi wapya. Huwa nawaona wakishusha mabegi, wana afya na hamu ya kusoma. Kabla muhula haujaisha, baadhi yao ndio hao hao ambao hawalali, hawacheki, na ukiwagongea mlango wanajifanya hawamo.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Malalamiko haya niliyapeleka kwa msimamizi wa bweni, akanielekeza ofisi ya ustawi. Ofisi ya ustawi ikasema chakula ni kazi ya kamati ya kantini. Kamati ikasema kama kuna wanafunzi wenye huzuni, hao ni wa ushauri nasaha. Ushauri nasaha walinisikiliza vizuri, nawashukuru kwa hilo, ila wakaniambia hawana mamlaka juu ya saa za kantini. Barua ikarudi mikononi mwangu ikiwa na mihuri mingi na jibu hakuna. Kilichonisumbua kwenye mzunguko ule ndicho ninachokilalamikia leo: tumbo la mwanafunzi liko chini ya ofisi moja, akili yake iko chini ya nyingine, na hakuna aliyepewa kazi ya kumtazama mwanafunzi mwenyewe.

Siandiki kuhusu ladha ya chakula wala foleni. Naandika kuhusu jambo linalotokea kimyakimya katika wiki za mwanzo. Kijana aliyezoea kula kwa saa zilizojulikana, akiwa na watu, chakula kilichopikwa na mtu anayemjua, ghafla anatakiwa apange mwenyewe, anunue mwenyewe na ale peke yake. Kifungua kinywa ndicho huwa cha kwanza kuachwa. Kisha mlo wa mchana unamezwa na vipindi. Jioni inabaki biskuti, soda, na chochote kinachouzwa kwenye pakiti. Wengine hali ni kinyume chake: wanakula mfululizo usiku kucha kwa upweke, halafu kesho wanashinda bila kula kwa kujiona wamekosea. Nyumbani sahani ikirudi nzima kuna mtu anauliza una nini. Hapa sahani ambayo haikuchukuliwa kabisa haimshtui mtu.

Na tunazungumzia kundi ambalo tayari liko kwenye hatari. Utafiti wa kimataifa uliofanywa chini ya mradi wa Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2018 uliwahoji wanafunzi 13,984 wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu 19 vya nchi 8. Asilimia 35 walionyesha dalili za kuwa wamewahi kupata angalau tatizo moja la afya ya akili kati ya yale yaliyopimwa, na asilimia 31 walikuwa nalo ndani ya miezi 12 iliyopita. Ukiingia darasani mwaka wa kwanza, mmoja katika kila watatu ana mzigo huo. Kumwongezea mtu wa namna hiyo wiki kadhaa za kula ovyo au kutokula ni jambo ambalo chuo hakiwezi kulitazama kama hiari yake binafsi.

Nina ruhusa ya mwanafunzi mmoja kueleza yaliyompata, nami nimeacha kila kitu kinachoweza kumtambulisha. Alianza kwenda zahanati kwa maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Alipewa dawa za maumivu. Akarudi tena, akapewa tena. Baadaye usingizi ukamkimbia, akawa analia bila kuelewa kwa nini, akakosa vipindi, na idara ikamwandikia barua ya onyo la mahudhurio. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyekuja kunieleza kwamba chini ya mto kulikuwa na pakiti ya biskuti aliyoigawa kwa siku: hizi za asubuhi, hizi za usiku. Fedha zake za kujikimu zilikuwa zimechelewa na alikuwa anaona haya kuingia kantini na mikono mitupu. Zahanati iliona kichwa. Idara iliona mahudhurio. Kantini haikumwona kabisa, maana asiyekuja kununua haingii kwenye hesabu zao. Tulipoelewa, alikuwa ameshaandika barua ya kuahirisha mwaka.

Sasa nieleze malalamiko yenyewe.

1. Saa za kantini hazilingani na ratiba mliyoipanga wenyewe

Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa kantini linasema huduma ya jioni inafungwa saa moja kamili. Vipindi vya maabara vya mwaka wa kwanza vinamalizika saa moja kasorobo, na bado kuna kuosha vifaa na kurudisha koti. Wanafunzi wakifika, masufuria yako kwenye sinki. Wapo akina mama wa jikoni wanaowawekea sahani mbili tatu pembeni wakijua wanaweza kukaripiwa kwa hilo. Nawashukuru sana, lakini mlo wa mwanafunzi haupaswi kutegemea huruma ya mfanyakazi anayehatarisha kazi yake.

Wakati kantini imefungwa, mashine ya vinywaji pale maktaba inafanya kazi usiku kucha. Kwa hiyo mtu mwenye njaa, mwenye mtihani, saa nne usiku, kitu pekee ambacho chuo kinamuuzia ni sukari na kafeini. Kafeini hukaa mwilini: baada ya saa tano hivi, kwa mtu wa kawaida, karibu nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba kwa mtu mzima mwenye afya miligramu 400 kwa siku nzima hazina tatizo, na kopo kubwa la kinywaji cha kuongeza nguvu linaweza kubeba sehemu kubwa ya kiasi hicho. Akinywa mawili tumbo likiwa tupu, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi haupo. Anakuja kunigongea akiamini anapatwa na kitu kibaya. Kwa aliyekuwa na wasiwasi tangu mwanzo, usiku wa namna hiyo unatosha kumfanya aogope kurudi maktaba.

2. Hakuna anayeuliza

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kulirekebisha hakuhitaji jengo wala mashine.

Fomu ya zahanati haina swali kuhusu mlo. Ofisi ya ushauri nasaha, kama sehemu nyingi duniani, hutumia dodoso la maswali tisa la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu; dodoso hilo huitwa PHQ-9. Ni dodoso zuri, na lina swali kuhusu kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi. Ila angalieni linachouliza: linauliza kama unatamani kula. Haliulizi kama chakula kipo. Mwanafunzi anayegawa biskuti kwa siku atajibu kwamba hamu anayo, tena nyingi, na alama zake zitaonyesha kwamba upande huo hana shida.

Kukosa chakula huigeuza akili. Hilo limejulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, Ancel Keys na wenzake walianza kuwachunguza wanaume 36 waliojitolea, waliochaguliwa kwa kuwa na afya njema ya mwili na akili. Walitaka kujua namna ya kuwarudishia afya watu waliokumbwa na njaa ya vita. Kwa wiki 24 chakula chao kilipunguzwa hadi karibu nusu. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini pia wakawa wanyonge, wepesi wa hasira, wakajitenga na wenzao, wakapoteza hamu ya mambo waliyoyapenda, na mawazo yao yakatawaliwa na chakula. Walisema hawawezi tena kutuliza akili. Vipimo vya uwezo wa kufikiri, hata hivyo, havikuonyesha kwamba wameporomoka.

Naomba mlitafakari hilo la mwisho. Wanafunzi wetu hawako kwenye njaa ya kiwango kile, nami sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kuwa anabomoka kwa ndani huku alama zake zikibaki nzuri. Chuo kinachosubiri matokeo ya mitihani ndiyo kijue nani ana shida kitawakosa watu wa aina hiyo kila mwaka.

Kuna na haya ya kawaida zaidi. Upungufu wa madini ya chuma, ambao huwapata hasa wasichana kwa sababu ya hedhi, huleta uchovu, kizunguzungu na kushindwa kuwa makini. Upungufu wa vitamini B12 huweza kuvuruga hisia na kumbukumbu. Vyote hujulikana kwa kipimo cha damu. Mwanafunzi akija mara ya pili na uchovu ule ule, sioni sababu ya kumpa tena dawa ya maumivu bila kumpima damu na kumuuliza jana alikula nini.

3. Msaada upo, lakini umezungushiwa aibu

Chuo kina mfuko wa dharura. Najua, kwa sababu nimewahi kuwasindikiza wenzangu. Ili mtu apate msaada wa chakula anajaza fomu, anasainiwa na mkuu wa idara ambaye hajawahi kuzungumza naye, kisha anasimama kwenye dirisha lile lile la ada, mbele ya wenzake, akieleza kwa sauti kwamba hana cha kula. Kijana mgeni hafanyi hivyo. Ataona bora alale njaa.

Tatizo hili halipo kwetu tu. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilipitia tafiti 31 kuhusu uhaba wa chakula kwa wanafunzi wa vyuo, na nyingi kati ya hizo zilikuta zaidi ya asilimia 30 wameathirika. Ofisi hiyo hiyo ilikuta kwamba wanafunzi wengi walioonekana kuwa na sifa za kupata msaada wa chakula wa serikali hawakuwa wakiupata. Kama mambo yako hivyo katika nchi tajiri, sisi tusijidanganye kwamba asiyeomba hahitaji.

4. Kipeperushi cha kuwapokea wanafunzi wapya kinawatisha kuhusu unene

Ukurasa wa afya katika kipeperushi cha mapokezi una sentensi chache kuhusu chakula, na zote zinaonya juu ya kunenepa mwaka wa kwanza. Hofu hiyo imetoka mbali, Marekani, ambako husemwa kwamba mwanafunzi mpya huongezeka ratili 15, karibu kilo 7. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta wastani ni kilo 1.4 hivi. Huu ndio umri ambao matatizo ya ulaji, yale ya kujinyima na yale ya kula bila kujizuia, huwaanza wengi. Ukimtisha kijana mwenye wasiwasi kwa habari za kilo, humfundishi kula vizuri. Unampa sababu ya kuacha kula. Naomba ukurasa huo uondolewe.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa nimeshayasikia kwenye korido zenu.

Mtasema ni watu wazima, wajipangie. Ni kweli ni watu wazima, na hawaombi kulishwa kwa kijiko. Lakini ratiba ya maabara hawakuipanga wao, saa za kantini hawakuzipanga wao, na majiko mliyapiga marufuku vyumbani kwa sababu za usalama ambazo nakubaliana nazo. Mkishamwondolea mtu njia ya kupika, chakula chake kimekuwa wajibu wenu kwa kiasi fulani.

Mtasema hakuna ushahidi kwamba chakula kinatibu sonona. Sijasema kinatibu peke yake, na yeyote anayetumia dawa au anayehudhuria ushauri asiache kwa sababu ya barua hii. Najua pia kwamba mambo huenda pande zote mbili: sonona yenyewe huua hamu ya kula, kwa hiyo si kila anayekula vibaya ameugua kwa sababu ya chakula. Lakini ushahidi upo. Nchini Australia, jaribio lililochapishwa mwaka 2017 chini ya Felice Jacka liliwachukua watu wazima 67 wenye sonona na mlo duni. Kundi moja lilisaidiwa na mtaalamu wa lishe kwa wiki 12, jingine likapewa watu wa kuzungumza nao. Karibu theluthi ya kundi la kwanza walipata nafuu kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walifanya jaribio kwa vijana 76 wenye dalili za sonona. Wiki tatu za kuboresha mlo, kwa maelekezo ya video fupi na kupigiwa simu kufuatiliwa, zilipunguza dalili zao. Ni majaribio madogo, na washiriki walijua wako kundi gani. Hata hivyo, hatua walizojaribu hazina madhara na gharama yake ni ndogo, kwa hiyo kusubiri utafiti mkubwa zaidi si kisingizio cha kutofanya lolote.

Mtasema hakuna bajeti. Kwa mengi nitakayoomba hapa chini, haihitajiki.

Kwa heshima, ninaomba yafuatayo kabla ya kupokea wanafunzi wapya:

Kantini ibaki wazi angalau saa moja zaidi siku zenye vipindi vya jioni, au sahani ziwekwe kwa waliojiandikisha asubuhi, na utaratibu huo uandikwe rasmi ili wale akina mama wa jikoni wasitende wema kwa kujificha. Mashine ya maktaba iwekewe pia maji, matunda na vitu vya kushibisha.

Zahanati na ushauri nasaha waanze kuuliza. Kuna dodoso la maswali mawili tu, lililochapishwa mwaka 2010, linalouliza kama ndani ya mwaka uliopita mtu alihofia chakula kuisha kabla ya kupata fedha za kununua kingine, na kama kweli kiliisha. Kuna jingine la maswali matano la kubaini dalili za matatizo ya ulaji, SCOFF, lililotengenezwa Uingereza mwaka 1999. Yote mawili kwa pamoja hayafiki dakika tano. Anayejibu “ndiyo” apelekwe kwa mtu mwenye uwezo wa kumsaidia siku hiyo hiyo, maana kumuuliza mtu kama ana njaa kisha kumwacha aondoke hivyo hivyo ni vibaya kuliko kutomuuliza.

Mfuko wa dharura utenganishwe na dirisha la ada. Kadi ya kantini ya mwanafunzi iwekewe salio na ofisi, isomwe kama kadi nyingine yoyote, asijue mtu. Saini ya mkuu wa idara iondolewe na mwakilishi wa bweni au mshauri aruhusiwe kumpendekeza mwenye shida.

Wiki mbili za mwanzo wa muhula wa kwanza, mlo mmoja kwa siku uwe wa pamoja kwa wanafunzi wote wapya, kila bweni na meza zake. Hili litagharimu, nakiri. Lakini kati ya yote ninayoomba, ndilo ninaloliamini zaidi. Nimeona namna watu wanavyojuana wakila pamoja, na mtu anayejulikana kwa jina mezani, siku asipoonekana ataulizwa. Kama fedha hazitoshi kwa wiki mbili, anzeni na moja.

Na mteueni mtu mmoja. Kamati mpya siiombi, tumeshakuwa nazo nyingi. Namaanisha mtu mwenye jina, ofisi na mamlaka ya kuzungumza na kantini, zahanati na ushauri nasaha, ambaye mwakilishi wa bweni akimpigia simu usiku kwamba fulani hajala tangu juzi, hatasema hilo si la idara yake.

Ninyi wa mwaka wa kwanza mtakaoisoma barua hii: kama umeacha kula, au unakula na kujichukia, au fedha zimeisha, mwambie mtu leo, hata kama hujui uanzie wapi. Milango ya wawakilishi wa mabweni iko wazi.

Waheshimiwa, naomba jibu la maandishi kabla ya kikao cha Seneti cha mwanzo wa muhula ujao, likieleza lipi mmelikubali, lipi mmelikataa na kwa sababu gani, na libandikwe kwenye mbao za matangazo za mabweni yote. Niko tayari kuitwa wakati wowote, na wenzangu kadhaa waliopitia haya wamekubali kuja kueleza wenyewe iwapo mtawahakikishia faragha. Jina langu na namba yangu ya usajili viko kwenye nakala niliyowasilisha masjala.

Wenu katika kukijenga chuo,

Mwakilishi wa bweni, mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Nakala: Serikali ya Wanafunzi, Umoja wa Wazazi na Walezi